Msimbo wa Saba

Mtu akisimama mbele ya kabati la kioo kwa sekunde sita, kisha akageuka na kwenda zake, tuseme ameona nini? Amechoshwa na kilichomo, au kuna kitu alikuja kukitafuta na hakukikuta? Jibu sina kwa sasa. Ninachoweza kusema ni kwamba katika makumbusho moja yenye kumbi tano, swali hilo lilipimwa kwa saa, likaandikwa kwa penseli, likajumlishwa kwenye jedwali, na nusura limwondoe kazini mwanamke ambaye hakuwa na kosa. Aliyeshika saa na penseli alikuwa binti yake wa kumzaa.

Binti huyo alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba na mkataba wa miezi mitatu. Bodi ya makumbusho ilikuwa imekubaliana kwamba ukumbi mmoja utageuzwa mkahawa, kwa kuwa wageni walilalamika kila siku kwamba hakuna pa kuketi na kunywa chai. Lakini ni ukumbi upi, hilo bodi haikutaka kulikisia, ilitaka utafiti. Mtafiti akaandaa mpango ambao mwalimu yeyote wa chuo angeusifu. Kila mgeni wa kumi anayeingia ukumbini angefuatwa kwa macho, njia yake ichorwe kwa mstari juu ya ramani ya ukumbi, kila aliposimama zaidi ya sekunde tatu paandikwe muda, na kila alichofanya kipewe msimbo. Moja, anasoma maelezo. Mbili, anaelekeza kidole. Tatu, anapiga picha. Hivyo hivyo mpaka saba: anamwuliza mhudumu maelekezo. Wageni arobaini na wanane kwa kila ukumbi, asubuhi na alasiri, siku za kazi na siku za mapumziko.

Kulikuwa na kifungu kimoja tu kilichomfanya Mkurugenzi avue miwani.

"Huyu mhudumu wa ukumbi wa tano ana nini mpaka ahamishwe?"

"Anaongea na wageni," alisema mtafiti.

"Anaongea nini?"

"Sijui hasa. Anaongea tu. Nikipima wageni huku yeye yupo, nitakuwa nampima yeye, sio ukumbi."

Mkurugenzi alitabasamu. Alipenda watu wanaojua wanachokitaka. "Tutampeleka chumba cha mizigo mpaka umalize. Nafasi yake tutamweka yule mrefu."

Mtafiti alishukuru na kutoka. Hakusema kwamba mhudumu wa ukumbi wa tano ni mama yake. Hakuwa na nia mbaya. Kinyume chake, alikuwa ameogopa kwa wiki mbili kwamba mkono wake ungempendelea mama yake bila yeye kujua, kwamba angesimamisha saa sekunde mbili baadaye pale na sekunde mbili mapema kwingine. Aliona kuwa njia safi ni kumwondoa mama ukumbini kabisa, na kazini wakawa wanapishana kama watu wasiojuana. "Habari za asubuhi, mhudumu." "Nzuri, bibi mtafiti." Kisha jioni wanakula meza moja.

*

Chumba cha mizigo kilikuwa chini ya ngazi, karibu na lango kuu: kaunta ndefu, rafu za chuma, na vibao vya namba vilivyotundikwa kwenye misumari. Mama alipofika asubuhi ya kwanza, na sare yake imenyooshwa kama kawaida, msimamizi wa wahudumu alimkabidhi daftari mbele ya wafagiaji wawili na mkata tiketi.

"Tumeambiwa unaongea sana, mama. Huku zungumza na mabegi. Hayatachoka."

Wafagiaji walicheka. Mkata tiketi hakucheka. Mama alipokea daftari, akapangusa kaunta ambayo tayari ilikuwa safi, akavuta kiti. Kwa miaka kumi na tisa watu wa mtaa wa makumbusho walikuwa wamemwita Mama Kufuli, na yeye aliamini kwamba jina hilo lilikuwa la heshima.

Siku hiyo alirudi nyumbani hajavua hata beji. Mumewe, seremala aliyestaafishwa na uti wa mgongo, alikuwa amekaa kwenye kibaraza akipiga msasa mguu wa kiti cha mtu. Binti alikuwa jikoni akichemsha chai.

"Hivi nani kawaambia kwamba mimi naongea?" Mama aliuliza, bila kumwelekea yeyote.

"Kwani ilikuwa siri?" alisema Baba. "Kuta za nyumba hii zina ushahidi."

"Sitanii, baba watoto. Kuna mtu amepeleka maneno. Na sheria imebandikwa pale mlangoni, imeandikwa kabisa: mhudumu alinde na kuelekeza, asihutubie. Miaka yote hiyo wamenifumbia macho. Leo kuna mtu amewafumbua."

"Labda ni kwa ajili ya utafiti tu, mama," alisema binti kutoka jikoni. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida, lakini birika lilikuwa linachemka, na hakuna aliyeitilia maanani. "Ni wiki sita. Baadaye unarudi."

"Utafiti wako uwe mzuri basi," alisema Mama. "Maana mimi nimeulipia."

*

Utafiti ulikuwa mzuri. Rasimu ilikuwa na kurasa sitini na nne, michoro ya rangi, na majedwali yaliyojumlishwa mara tatu. Katika kumbi nne za kwanza mgeni wa kawaida alikaa dakika kumi na moja. Katika ukumbi wa tano, Ukumbi wa Kazi za Mikono, wenye mvukuto wa mhunzi, mtambo wa mfumi, mawe ya kusagia na kufuli la mbao la kale, alikaa dakika mbili na sekunde kumi. Alipita, alichungulia, aliondoka. Pendekezo la tatu liliandikwa kwa mistari miwili: Ukumbi wa Kazi za Mikono ufungwe na ugeuzwe mkahawa, idadi ya wahudumu ipunguzwe kutoka watano hadi wanne.

"Hii ni kazi," Mkurugenzi alisema, akiigonga rasimu kwa kidole. "Sio kama zile ripoti za kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa. Jumatatu unaiwasilisha mbele ya bodi. Na sitaki uende mbali baada ya hapo, binti. Nataka idara ya utafiti, na nataka wewe ndiye uianze. Ajira ya kudumu."

Aliposhuka ngazi alipita mbele ya chumba cha mizigo. Mama alikuwa ameinama chini ya kaunta, na mbele yake walisimama watu watatu wakisubiri. Mtafiti alipitiliza. Alijiambia kwamba hakutaka kumsumbua akiwa kazini, na alijua kwamba hilo halikuwa kweli.

Aliwaeleza wazazi wake Jumamosi mchana, baada ya chakula. Alikuwa amejiandalia maneno kama mtu anayejiandaa kwa mtihani wa mdomo, akaanza na umuhimu wa mkahawa, akapita kwenye sampuli, akafika kwenye dakika mbili na sekunde kumi. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mhudumu wa ukumbi huo?"

"Mkataba wake hautahuishwa."

"Umeandika hivyo wewe?"

"Nimeandika ukumbi ufungwe. Hilo lingine linafuata lenyewe."

Baba aliweka kikombe chini. Kodi ya nyumba ile ilikuwa inatoka kwenye mshahara wa Mama, na kila mmoja pale mezani alijua, kwa hiyo hakuna aliyelitaja. "Wenzetu binti zao wanawaletea wakwe," alisema. "Wetu katuletea jedwali."

"Mwache aseme," alisema Mama.

"Bado sijamaliza." Binti alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Aliyewaambia kwamba unaongea ni mimi. Niliandika kwenye mpango. Niliogopa nitakupendelea. Na sijawaambia kwamba wewe ni mama yangu."

Mama alikusanya vikombe, kimoja ndani ya kingine, akavipeleka jikoni. Maji yalisikika yakitiririka kwa muda mrefu kuliko vikombe vitatu vinavyohitaji. Aliporudi alikuwa amekausha mikono na uso wake ulikuwa mkavu pia.

"Kwa hiyo zile wiki sita unaniita mhudumu, nilidhani ni adabu ya kazi," alisema. "Kumbe ulikuwa unanikana."

"Mama..."

"Ngoja. Nitakasirika baadaye, nafasi ninayo. Sasa hivi nataka kuona."

"Kuona nini?"

"Karatasi zenyewe. Sio hicho kitabu chenye rangi. Zile ulizoandika kwa mkono ukiwa umesimama pale. Nimefanya kazi kwenye ukumbi ule miaka kumi na tisa, mwanangu. Kama umekufa, nionyeshe maiti."

*

Karatasi zilikuwa kwenye boksi la viatu, zimefungwa kwa mpira, arobaini na nane za ukumbi wa tano. Mtafiti alizihitaji kwa vyovyote, kwa kuwa bodi ilitaka kiambatisho, na alikuwa amepanga kuhakiki misimbo kabla ya Jumatatu. Wakagawana kazi: Mama alivaa miwani na kusoma kwa sauti, binti akalinganisha na kompyuta. Baba alijifanya anapiga msasa.

"Mgeni wa nne. Mwanamke, na mtoto mgongoni. Kabati la kwanza, sekunde tano. Msimbo wa saba. Katoka."

"Sawa."

"Mgeni wa tano. Mwanamume, na rafiki yake. Mvukuto, sekunde tisa, msimbo wa nne."

"Wanazungumza wao kwa wao. Sawa."

"Mgeni wa sita. Mzee mwenye fimbo. Kufuli la mbao, sekunde kumi na mbili. Msimbo wa saba. Katoka." Mama alisita. "Hii saba ndiyo nini? Mbona iko kila mahali?"

"Maelekezo. Mtu anamwuliza mhudumu choo kiko wapi, mlango wa kutokea uko wapi."

"Na hii penseli hapa pembeni?"

"Hayo ni ya kwangu tu. Tulifundishwa kuandika kila tunachosikia, hata kama hakina mahali pa kukiweka. Hayaingii kwenye kompyuta. Kompyuta inachukua namba."

Mama aliisogeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Mwandiko ulikuwa wa haraka, lakini yeye ndiye aliyemfundisha binti huyo kuandika. Akasoma polepole.

"'Anaulizia yule mama wa kufuli.'"

Msasa kibarazani ulinyamaza.

"Soma nyingine," alisema binti.

"Yule wa nne, mwenye mtoto. 'Leo mama hayupo?' Wa tisa. Saba. 'Dada yangu kanituma kwa mama mmoja hapa, anafungua kitu.' Wa kumi na moja. Saba. Huyu kweli kauliza choo." Mama alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Wa kumi na nne. Saba. 'Kastaafu?'"

Walizipitia zote. Hawakuzungumza tena isipokuwa namba. Msimbo wa saba ulikuwa umeandikwa mara ishirini na sita. Waliouliza choo, mlango au maji ya kunywa walikuwa saba. Waliobaki, kumi na tisa, walikuwa wamemwulizia mtu mmoja.

Mtafiti aliitazama skrini, ambapo kumi na tisa hao walikuwa wamelala ndani ya safu iliyoandikwa Maelekezo. Orodha ya misimbo aliinakili kutoka kwenye mwongozo aliosomea chuoni. Aliyeiandika alikuwa ameamini kwamba mgeni hawezi kuwa na haja na mhudumu isipokuwa amepotea. Yeye naye aliamini hivyo, ingawa alilelewa na mhudumu. Alikuwa amesikia kila neno kwa masikio yake mwenyewe, akaliandika, akalipa namba, na namba ikalifunika.

"Umeandika vizuri lakini," alisema Baba kutoka mlangoni. "Mwandiko unasomeka."

"Baba, tafadhali."

"Nasema kweli. Mwongo angeyafuta."

*

Asubuhi ya Jumapili mtafiti alikwenda ukumbini bila saa wala ramani. Mhudumu wa muda alikuwa amesimama kwenye kona yake, mikono nyuma. Wenzake walimwita Mnara, kwa urefu wake na kwa sababu ilikuwa vigumu kujua kama kuna mtu ndani.

"Kaka, naomba kukuuliza. Watu waliokuja hapa wakamwulizia yule mama, uliwajibu nini?"

Mnara alifikiri. "Niliwaambia yuko kwenye mizigo."

"Halafu?"

"Halafu wakaenda."

"Wakaenda wapi?"

Alimtazama kama mtu anayeulizwa rangi ya maziwa. "Kwenye mizigo, dada. Si ndiko alikokuwa?"

Mtafiti alizikumbuka ramani zake. Mstari wa kila mgeni alikuwa ameuchora mpaka kizingiti cha mlango, na pale akainua penseli, kwa sababu pale ndipo ukumbi ulipokoma kwenye ramani. Aliandika *katoka* na kusimamisha saa. Sekunde tano, sekunde sita, sekunde kumi na mbili: alichokihesabu kuwa ni kuchoshwa kilikuwa ni haraka ya watu wanaomfuata mtu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikataza tusikusemeshe wakati unapima," alisema Mnara. "Nami sisemi sana." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na alimwona binti ameishiwa nguvu, akaongeza sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusikika akisema: "Hata mimi nilishuka siku moja wakati wa mapumziko, ikabidi nipange foleni."

Mtafiti alishuka ngazi. Chini, mbele ya kaunta ya mizigo, walikuwa wamesimama watu watano, na ni mmoja tu aliyekuwa na begi. Mama alikuwa ameweka juu ya daftari kitu ambacho binti alikitambua kabla hajakiona vizuri: kufuli la mbao la ukubwa wa kiganja, jeusi kwa kushikwa, lenye ufunguo wake wa mbao wenye meno manne. Baba ndiye aliyelichonga zamani, kwa kuangalia lile la kale lililokuwa nyuma ya kioo, ili mtoto wao apate cha kuchezea. Mtoto alilichezea mpaka akalichoka, akakua, akalisahau. Hakujiuliza kamwe lilikwenda wapi.

"Usilazimishe," Mama alikuwa akimwambia fundi bomba mmoja, mtu wa makamo mwenye ovaroli. "Watu wote wanasukuma. Aliyetengeneza hili alijua mwizi atasukuma. Ingiza ufunguo taratibu. Sasa inua. Umesikia vijiti vikipanda? Hapo hapo, vuta komeo."

Komeo likateleza. Fundi bomba akacheka kwa sauti, cheko la mtu aliyeshtukizwa na mikono yake mwenyewe. "Kha! Yaani bila msumari hata mmoja?"

"Bila msumari. Sasa panda juu ukaangalie lile la kweli, utaona kitu ambacho hukukiona ulipopita."

Akapanda kweli, ngazi mbili mbili.

Mtafiti alisubiri zamu yake. Alipofika mbele, Mama aliinua uso, na uso huo ulikuwa wa kikazi kabisa.

"Begi?"

"Sina begi."

"Basi nikusaidie nini, dada?"

Ilikuwa haki yake, na binti aliipokea. Nyuma yake walisimama watu wawili asiowajua, na mkata tiketi alikuwa anawatazama kutoka dirishani kwake.

"Nimekuja kufungua kufuli, mama," alisema kwa sauti ya kusikika. Kisha akawageukia waliokuwa nyuma, kwa kuwa aliona haitoshi. "Huyu ni mama yangu mzazi."

"Hongera," alisema mmoja wao. "Fungua basi, na sisi tunangoja."

Alijaribu. Alisukuma. Kufuli likagoma, na Mama hakumsaidia mpaka mkata tiketi alipoanza kucheka, na wafagiaji wakaja kuona, na binti mwenyewe akacheka kwa aibu. Ndipo mkono mkavu wenye harufu ya sabuni ukauweka wake sawa. "Inua kwanza, mwanangu. Ulikuwa unajua haya ukiwa na miaka tisa."

Mapumziko yalipofika walikaa kwenye ngazi za nyuma na mkate wao.

"Kwa nini hukuniambia kwamba watu wanakufuata huku?" aliuliza binti.

"Uliniambia nisikuharibie kazi. Na hili," Mama aligusa mfuko wa sare, "halina kibali. Wangejua, wangenyang'anya. Nilikaa nikazungumza na mabegi, kama nilivyoagizwa. Mabegi yakawa yanakuja na wenyewe."

"Kesho nitawaambia."

"Kuhusu kufuli?"

"Kuhusu kufuli na kuhusu mimi. Inawezekana wakanifukuza. Ile ajira ya kudumu tusiihesabu tena. Na wengine watasema nimebadilisha matokeo kumwokoa mama yangu."

"Watasema. Sasa nisikilize." Mama aliweka mkate kwenye karatasi. "Wakirudia kupima na mimi nipo, na watu wasisimame, utaandika?"

"Nitaandika."

"Hata kama ni mimi."

"Hata kama ni wewe."

"Usinipambe, umesikia? Miaka kumi na tisa sijaomba kupambwa. Wakiwa hawaji, niambie hawaji, nitakwenda kuuza viti na baba yako. Lakini wakiwa wanakuja, usiniite maelekezo."

*

Chumba cha bodi kilikuwa na meza ya umbo la yai na chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua. Wajumbe walikuwa saba. Mkurugenzi alimtambulisha mtafiti kwa maneno mazuri, akaketi, akakunja mikono kama mtu anayengoja kusifiwa kwa niaba. Mwenyekiti, mwanamke mzee aliyewahi kuwa mkuu wa shule, alikuwa tayari ameifungua ripoti kwenye pendekezo la tatu na kupigia mstari.

"Hapa ndipo penye moyo wa jambo," alisema. "Tuanzie hapa."

Mtafiti alisimama. Alikuwa amekuja na karatasi kumi na tisa tu, na hakuwasha mashine ya kuonyeshea picha ukutani. Aliwasomea zote, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya kawaida: mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye fimbo, aliyetumwa na dada yake, aliyeuliza kama mama kastaafu. Alipofika ya sita mjumbe mmoja alianza kutazama saa. Alipofika ya kumi na mbili yule mjumbe aliacha. Kisha akaeleza kwamba watu hao aliwaandika kuwa wameuliza maelekezo, na kwamba mistari yao aliikata mlangoni wakati wao walikuwa wanashuka kumfuata mhudumu aliyehamishwa. Akatoa mfukoni kufuli la mbao alilopewa na Mama na kulisogeza katikati ya meza.

Mkurugenzi alikuwa mwekundu wa macho. "Wewe mwenyewe uliniambia kwamba mhudumu yule angeharibu vipimo. Ulisema utakuwa unampima yeye, sio ukumbi."

"Nilisema, na hapo ndipo nilipokosea. Niliutenga ukumbi na mtu anayeufungua, kisha nikaandika kwamba umefungwa."

"Na kwa nini tukuamini leo, kama juzi ulikuwa na uhakika?" aliuliza Mwenyekiti. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mwalimu anayetaka mwanafunzi afike mwenyewe.

"Msiniamini. Kuna jambo jingine ambalo nilipaswa kulisema siku ya kwanza. Mhudumu wa ukumbi wa tano ni mama yangu."

Viti vililia. Mkurugenzi alisema neno moja kwa sauti ya chini na kuinamisha kichwa. Mjumbe aliyekuwa akitazama saa alikuwa ameshalivuta kufuli kwake na alikuwa akisukuma komeo kwa kidole gumba, bila mafanikio, na aliyeketi jirani naye alinyoosha mkono kulidai. Mtafiti aliwaona wote wawili. Hakutabasamu, kwa kuwa alikuwa bado hajamaliza, lakini sauti yake ilipotoka ilikuwa imetulia.

"Uamuzi wangu ni huu," alisema. "Pendekezo la tatu naliondoa leo, na ukurasa unaoeleza kosa langu utabaki ndani ya ripoti kwa jina langu. Naiomba bodi imrudishe mhudumu ukumbini kwa wiki sita, na kufuli lake likiwa mezani badala ya mfukoni, na wageni wafuatwe mpaka wanakokwenda, sio mpaka mlangoni. Matokeo yoyote yatakayopatikana, nitayakubali, na yeye ameniambia atayakubali. Mkataba wangu ukikoma kwa haya, sina kinyongo. Kazi hiyo ya kupima apewe mtafiti mwingine. Saa hii ya kupimia naiacha hapa mezani. Sitaishika tena katika ukumbi wa mama yangu."